Maji ya Ukaguzi

Mwalimu alijulikana kwa mambo mawili: sauti na msimamo. Sauti yake ilifika lango la shule bila kipaza sauti, na hotuba zake za kufunga muhula zilikuwa ndefu kiasi kwamba wazazi wenye akili zao walikuja na miavuli ya kujikinga jua. Kuhusu msimamo, aliwahi kumrudisha nyumbani mtoto wa mkuu wa polisi kwa kosa la kuchelewa. Mkuu mwenyewe alipokuja amefura, alionyeshwa benchi na kuambiwa asubiri zamu yake kama wazazi wengine. Akasubiri. Kisa hicho kilisimuliwa mtaani mpaka kikaota mbawa, na Mwalimu hakuwahi kumsahihisha mtu aliyekitia chumvi.

Kwa hiyo alipostaafu, na mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa mtu wa karibu wa waziri akampigia simu kwamba ameteuliwa kuingia kwenye bodi ya Shirika la Maji, hakuna aliyeshangaa. "Tunataka mtu msafi, Mwalimu," mwanafunzi alisema. "Uwe mwakilishi wa wateja." Mwalimu alijibu kwamba atalifikiria, akakata simu, akaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mdogo wake. Wazazi wao walifariki mdogo huyu akiwa bado anajifunza kufunga vifungo vya sare, na Mwalimu ndiye aliyemsuka nywele, akamchapa ilipobidi, akamsomesha mpaka akawa mkunga. Sasa alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya cha upande wa chini wa mji, na hata watu wa nyumbani walimwita Mkunga. Yeye alimwita dada yake Dada, na alivyolitamka neno hilo, ungedhani anamwita mama.

"Dada, sasa tumepona," alisema. "Bomba la wodi yangu asubuhi linatoa uzi wa maji, mchana linakohoa tu. Wazazi wanakuja kujifungua wamebeba madumu kama watu wa safari. Lakini sasa wewe uko ndani."

"Niachie mimi," Mwalimu alisema, na alisema kweli. Wakati ule alikuwa bado ana nia.

Huko ndani palikuwa pazuri, tusidanganyane. Kulikuwa na kiyoyozi, zulia, na viti vya kuzunguka. Siku ya kwanza alifika mapema, akaona hakuna mtu, akajizungusha kidogo. Hata wewe ungejizungusha. Mbele ya kila mjumbe palikuwa na chupa ya maji ya dukani, maana bodi ya Shirika la Maji haikunywa maji ya Shirika la Maji. Mwalimu aliliona hilo, akacheka moyoni, akafungua chupa yake.

Mara moja tu alimwona mtu akiuliza swali la maana. Wakili mmoja kijana, mjumbe mwenzake, alitaka kujua kwa nini pampu mpya zilinunuliwa kwa shemeji wa Mkurugenzi Mkuu bila zabuni, na kwa nini mpaka leo hazijawahi kuwashwa. Mwenyekiti, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa na kipaji cha kusinzia macho wazi, alizinduka akasema swali ni zuri na litajibiwa kikao kijacho. Kikao kijacho kilipofika, swali halikuwepo na wakili hakuwepo. Hata kiti chake kilikuwa kimeondolewa na vingine vimesogezwa kuziba pengo. Mkurugenzi hakuwa ameajiriwa na bodi, aliletwa kutoka juu, na aliyemleta ndiye aliyewaleta wao wote. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza mwenzao yuko wapi. Na yule mwanamke aliyemkalisha mkuu wa polisi kwenye benchi alitulia kama maji mtungini, akageuza ukurasa wa ajenda pamoja na wengine.

Kazi aliyoipenda ilikuwa ukaguzi. Kila robo mwaka bodi ilitoka kwenda kuangalia huduma mtaani. Mwakilishi wa wateja ndiye aliyechagua mtaa, mwisho wa kikao, kwenye kipengele cha mengineyo, na Mkurugenzi aliomba apewe muda wa kutosha "kwa sababu za kiusalama". Siku ikifika, magari yanaingia kwa msururu, Mwalimu anafungua bomba, maji yanaruka, glasi inajazwa, anakunywa, picha inapigwa. Halafu inaandikwa kwamba mtaa umekaguliwa na maji yapo.

Kwenye ukaguzi wa pili, bibi mmoja alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, njooni kila siku," alisema. "Mkija nyinyi na maji yanakuja. Jana tuliposikia mabomba yanapiga mluzi tukajua tu, wakubwa wako njiani."

Mwalimu alicheka na wenzake wakacheka. Kicheko kilimwishia garini.

Alimwendea Mkurugenzi ofisini akiwa amepanga kufoka. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na wala hakukataa. "Mwalimu wangu, maji ni machache, pampu ndiyo hivyo tena. Tukifungua huku tunafunga kule. Sasa ulitaka bodi nzima ikapigwe picha na bomba kavu?" Kisha akaongeza, kama mtu anayempa mwenzake zawadi, "Lakini wewe ndiye unayechagua mtaa. Una watu wako, sisi tunaelewa."

Hapo ndipo angefoka. Sauti alikuwa nayo, na mlango ulikuwa wazi. Badala yake alikwenda nyumbani akiwaza, na alichowaza ni kwamba kumbe amepewa kidole cha kuelekeza maji, na afadhali kidole hicho kiwe chake kuliko cha mtu mwingine. Robo iliyofuata akachagua mtaa wa shule yake ya zamani. Wanafunzi wakaimba, walimu wakafua mapazia. Habari ikaenea, watu wakaanza kubisha hodi kwake wakimwita mama wa maji, mkombozi, nuru ya mji. Walimvisha kilemba cha ukoka, naye akakivaa upande kidogo ili kimpendeze zaidi.

Mkunga naye alikuja. Hakuja na sifa, alikuja na viatu vya kazini miguuni.

"Dada, nimesikia mambo ya ukaguzi," alisema. "Sipendi, lakini basi tuchague na sisi. Hata siku moja tu. Nitajaza mapipa yote, nitasukuma mwezi mzima."

"Robo hii ni yenu," Mwalimu alisema. "Nakuahidi, mdogo wangu."

Sasa, Mwalimu alikuwa na binti, kitinda mimba wake, na binti alikuwa anaolewa. Sherehe ilikuwa ifanyike kwao bwana harusi, mtaa wa mlimani wenye nyumba nzuri na mabomba makavu. Wiki chache baada ya ahadi ile, mama wa bwana harusi alipiga simu.

"Mkwe, huku bomba letu limekuwa pambo la ukuta," alisema huku akicheka. "Nikiwaambia watu kwamba binti tunayemwoa mama yake ni mkubwa wa maji, wananicheka. Wageni wote wale, masufuria yote yale! Au tuoshe vyombo kwa mate, mkwe?"

Alikuwa anatania, kama wakwe wanavyotaniana. Lakini utani ulimwingia Mwalimu pabaya, palepale kilemba kilipokaa. "Mkwe, usinitie aibu," alijibu. "Maji mtaoga mpaka mchoke." Aliposema hivyo aliikumbuka ahadi yake. Akajiambia kwamba kituo cha afya kimezoea shida, na robo nyingine inakuja.

Siku ya kikao, Mkurugenzi alimkuta ukumbini kabla hawajaingia. "Nasikia tuna harusi, Mwalimu."

Alisema tuna. Mwalimu alitabasamu na kumtajia mtaa wa mkwe wake, akaomba maji yaachwe mpaka sherehe iishe.

"Hilo dogo," Mkurugenzi alisema. "Ila kule ni mlimani. Kuyapandisha itabidi tuubane upande wa chini kabisa, kwa siku chache. Kule hakuna watu wakubwa. Sawa?"

Upande wa chini, wodi ya mdogo wake ilikuwa upande wa chini. Mwalimu alilijua hilo kama alivyojua jina la mama yake. Alijitia hamnazo. "Sawa," alisema.

Ajenda ya siku ile ilikuwa kumwongezea Mkurugenzi kipindi kingine. Sheria ilitaka bodi iridhike kwanza kwamba huduma imeboreka, na ushahidi uliokuwepo ni huu, kwamba kila mtaa uliokaguliwa ulikutwa na maji. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono, akamtazama mwakilishi wa wateja. "Naunga mkono," Mwalimu alisema, na kwa kuwa ile sauti haikujua kunong'ona, mpaka mhudumu aliyekuwa mlangoni na chupa za maji alimsikia.

Harusi ilifana, hilo halina ubishi. Bodi ilikuwa imekuja mlimani siku mbili kabla ya sherehe, ikafungua bomba, ikapiga picha, na maji yakaachwa yatoke. Wapishi walisuuza masufuria bila kuhesabu vikombe, watoto walirushiana maji mpaka nguo za sherehe zikawaganda mwilini, na dereva aliliosha gari la maharusi kwa mpira, akaliosha tena bila sababu. Mwalimu alikaa chini ya turubai akipokea pongezi, amevaa gauni linalong'aa, na kila mara mkwe wake alimgusa goti na kuwaambia wageni, "Huyu ndiye aliyetuletea."

Mkunga alichelewa. Alishuka kwenye teksi akiwa bado na nguo ya kazini, gauni la sherehe limekunjwa chini ya kwapa, akaenda kwanza bombani anawe mikono. Alifungua kwa nguvu, kama watu wa upande wa chini wanavyofungua, na maji yakamrukia mpaka kifuani. Akarudi nyuma. Akamtazama dereva na mpira wake, akawatazama watoto, akalitazama bomba.

"Haya maji yametoka lini?" aliuliza.

"Tangu juzi!" mkwe alijibu kwa fahari. "Dada yako katuletea bodi nzima. Hatujawahi kuona maji namna hii."

Mkunga aligeuka. Mwalimu alikuwa ameshasimama, na pongezi zilikuwa zimekatika mdomoni mwa watu.

"Kwetu hata ule uzi umekatika tangu juzi," Mkunga alisema. Hakupaza sauti, sauti haikuwa fungu lake katika familia ile. "Leo asubuhi nimefunga wodi. Nimewarudisha wazazi getini. Mmoja uchungu umeshamshika, ameng'ang'ania nguzo ya geti, ananiuliza, aende wapi. Nikamwambia vumilia mama, hii ni hitilafu tu, dada yangu yuko kule ndani, akisikia atafoka." "Nilikuwa nakutetea, Dada."

Mwalimu alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitafuta sauti asiione. Uso ulimwaka, masikio yakamwaka, akatamani ardhi ipasuke immeze na gauni lake. "Mdogo wangu, ni siku chache tu," alisema hatimaye, na alipolisikia neno hilo alijua ni neno la Mkurugenzi.

Mkunga alimgeukia mkwe. "Samahani, mama, mna madumu ya kuazima?"

Akaletewa. Akayapanga bombani na kuyajaza moja moja mbele ya wageni wote. Muziki ulikuwa unapigwa na hakuna aliyekuwa anacheza. Dereva wa teksi alishuka kumsaidia kupakia. Mwalimu alishindwa kuendelea kusimama, akaja akashika dumu. Mkunga alilitoa mkononi mwake taratibu, jinsi unavyomwondolea mtoto kisu.

"Utalowa, Dada," alisema. Akapanda teksi na madumu yake, akaondoka bila kukaa, bila kula, bila kumwona bibi harusi.

Baada ya hapo simu za Mwalimu kwa mdogo wake zilipokelewa kwa maneno mawili, niko kazini, na kweli alikuwa kazini. Mwalimu alikonda. Watu walisema ni upweke wa kumwoza binti wa mwisho. Usingizini na mchana kweupe alimwona mwanamke asiyemjua ameng'ang'ania nguzo ya geti, na mwanamke huyo alimtazama yeye. Aibu ilimkaa mwilini kama homa isiyopanda wala kushuka. Alioga kwa kikombe kimoja, jambo lisilomsaidia mtu yeyote.

Kikao kilichofuata, Mkurugenzi akiwa na kipindi kipya mfukoni, kilipofika kwenye mengineyo, Mwalimu hakungoja aulizwe. "Kituo cha afya cha upande wa chini," alisema.

Mkurugenzi alikunja uso kidogo. "Kule? Haya. Ila ni asubuhi ile tu, Mwalimu. Magari yakiondoka tunafunga. Watu wa mlimani sasa wameonja, wanalalamika."

Mwalimu hakubisha, maana alikuwa na lake. Redio ingekuwepo, na watu wangekuwepo. Akishika kipaza sauti atasema yote: maji yanavyogeuzwa, pampu za shemeji, wakili aliyetoweka na kiti chake, na yeye mwenyewe alivyounga mkono. Unga utamwagika, na umwagike. Alifanya mazoezi mbele ya kioo, akaisikia ile sauti ya lango la shule ikimrudia, akafarijika kidogo.

Siku ilifika. Kituo kilikuwa kimefagiliwa. Wazazi wenye matumbo makubwa walikaa kwenye benchi na ndugu zao, na wauguzi walipangwa mstari. Nje ya geti, kwenye shimo la koki, fundi wa shirika alisimama na ufunguo wake mrefu akingoja magari yaondoke. Mkunga alitoka mbele kuwapokea. Aliwapa wote mkono, na alipofika kwa dada yake aliinamisha kichwa kidogo.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema.

Mwalimu aliwahi kuitwa Mheshimiwa na watu wengi, na kila mara alijiona amerefuka. Hapa alijiona amefukuzwa nyumbani.

Bomba likafunguliwa, maji yakatoka. Picha ikapigwa. Na hapo ndipo akaona kitu ambacho bodi haikukiona: nyuma ya mgongo wa bodi, kwenye bomba la uani, wauguzi na ndugu za wagonjwa walikuwa wakipokezana ndoo kimyakimya, wakikimbia nazo ndani na kurudi nazo tupu. Kulikuwa na mapipa, mabeseni, madumu, hata chupa za dripu zilizooshwa. Mwenyekiti alitazama saa. Mkurugenzi akampa Mwalimu kipaza sauti, maneno machache tu, kisha waondoke.

Mwalimu alipiga moyo konde. "Ndugu zangu," alianza, "leo nimekuja kuwaambia ukweli."

Mkunga alikuwa amesogea ubavuni mwake na glasi ya maji, kama utaratibu ulivyotaka. Alimpa huku akitabasamu kwa ajili ya kamera, na akamnong'oneza bila kusogeza midomo.

"Si sasa. Mapipa hayajajaa. Ukiwaudhi wanaondoka na maji yao. Ongea tu, wewe si unajua kuongea."

Mwalimu alimtazama. Machoni mwa mdogo wake hakuona hasira tena, na hilo ndilo lililomuumiza. Aliona mtu anayetumia kilichopo.

"Ukweli," Mwalimu alisema kwenye kipaza sauti, "ukweli ni kwamba tumebahatika kuwa na shirika kama hili."

Akaendelea. Alimsifu Mwenyekiti kwa umakini wake. Alimsifu Mkurugenzi kwa upole, kwa bidii, kwa kuona mbali. Alizisifu pampu mpya, akaeleza zinavyofanya kazi tangu maji yanapoingia mpaka yanapotoka, pampu ambazo hazijawahi kuwashwa. Alihadithia historia ya maji mjini, akarudi nyuma mpaka visima vya zamani, akakisifu kila kisima. Mkurugenzi alichanua kwa furaha. Mwenyekiti akaanza kusinzia macho wazi. Ndoo zilikwenda na kurudi. Jasho lilimtiririka Mwalimu mgongoni, na kila alipofikiri amemaliza aliona pipa lingine linasukumwa uani, akaanza aya mpya.

Kwenye benchi la mbele, mama mmoja mjamzito, amechoka, miguu imevimba, alimsikiliza kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia jirani yake, na hakujali nani anasikia.

"Huyu mama," alisema, "hana haya hata kidogo."

Mwalimu alimsikia. Mkunga, aliyekuwa akipita na ndoo, naye alimsikia, akasimama. Mwalimu alingoja amtetee, kama alivyomtetea siku ile getini.

Mkunga alitua ndoo chini, akabadilisha mkono, akaendelea na kazi. Mwalimu akashusha pumzi, akarudia pale alipoishia, kwamba hata waliotangulia wote wangelionea fahari shirika hili.